Diski moja imekufa, ya pili inakohoa: historia ya RAID kutoka Berkeley hadi chini ya meza yangu

Samahani kwa kimya cha wiki tatu. Sikuwa safarini wala sikuwa mgonjwa. Aliyekuwa mgonjwa ni seva yangu ya nyumbani, na leo nawasimulia ugonjwa wake. Lakini sitaanza na kuishia kwangu. Usiku ule nikisubiri, nilirudia makala za kitaaluma nilizozipitia mbiombio chuoni ili nifaulu mtihani, nikagundua kwamba kosa nililokuwa nalifanya saa ileile lilikuwa limekwisha kuelezwa humo, mojawapo kabla hata sijazaliwa. Kwa hiyo hii ni historia, na mimi ni mfano wake tu.

Seva yenyewe ni kompyuta kuukuu niliyoinunua ikiwa imetumika, iko chini ya meza ya televisheni, inaendesha Debian. Ina diski nne za terabaiti 4 kila moja, zimeunganishwa kwa mpango uitwao RAID 5. Humo mna picha za familia, kazi zangu za zamani, na zaidi ya yote kazi ya kaka yangu mkubwa. Yeye hupiga video za harusi. Wiki ile alikuwa ameweka humo harusi moja ya Machakos, gigabaiti 180, kisha akafuta kadi zake za kamera ili akapige harusi nyingine Jumamosi. Maharusi walikuwa wamelipa nusu ya pesa. Aliponiuliza kama anaweza kufuta zile kadi, ni mimi niliyemwambia, "Futa tu kaka, ikiwa kwa seva iko salama."

Alhamisi jioni stima ilipotea ikarudi, ikapotea ikarudi, mara tatu ndani ya dakika kumi. UPS ninayo, lakini betri yake ilikufa mwaka jana na kila mwisho wa mwezi nasema nitanunua nyingine mwisho wa mwezi ujao. Seva ilipowaka nilifungua faili ya /proc/mdstat, ambamo Linux huandika hali ya diski, nikakuta hivi:

[4/3] [UU_U]

Kila U ni diski iliyo hai. Kile kistari ni kaburi. Diski ya tatu imekwenda.

Nitakiri kitu cha aibu: nilifurahi kidogo. Miaka minne nimekuwa nikijisifu kwa watu kwamba diski yangu moja ikifa sipotezi kitu, na sasa siku ya kuonyesha imefika. Ijumaa nilipita Luthuli Avenue nikanunua diski mpya. Nilihakikisha nambari ya kiwandani ya ile iliyokufa kabla ya kuchomoa chochote, maana ukichomoa iliyo hai badala ya maiti, umejiua mwenyewe. Nikaweka mpya, nikaandika amri ya mdadm ya kuiongeza, na asilimia zikaanza kupanda. Ilikuwa saa moja jioni. Kaka akapiga simu. Nikamwambia, "Hakuna shida, kesho asubuhi utaendelea na kazi."

Kisha nikatengeneza chai, nikaanza kusoma.

Tani moja, megabaiti nne

Diski ya kwanza ya sumaku iliyouzwa ilitoka maabara ya IBM ya San Jose, California, ambako kikosi kiliongozwa na Reynold Johnson. Ilitangazwa mwaka 1956 kama sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC 305. Kabla yake kumbukumbu za kampuni zilikaa kwenye kadi zenye matundu au kwenye kanda, na ukitaka rekodi ya mteja mmoja aliye katikati sharti upitie waliotangulia. RAMAC ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika, na mkono uliopanda na kushuka kutafuta sahani inayotakiwa. Uzito ulipita tani moja. Uwezo wake ulikuwa herufi milioni 5, yaani hata megabaiti 4 kwa hesabu ya leo haifiki. Picha moja ya harusi kutoka kamera ya kaka haingetosha humo. Hukuinunua hiyo mashine, uliikodisha, kwa takriban dola 3,200 kwa mwezi.

Mwaka 1973 IBM ilitoa 3340, maarufu kwa jina la Winchester, ambapo sahani na vichwa vya kusomea vilifungiwa pamoja vumbi lisiingie. Diski yangu na yako bado ni watoto wa Winchester. Kichwa huelea juu ya sahani kwa urefu wa nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ukilijua hilo huulizi tena kwa nini diski hufa. Unauliza inaishije.

Halafu zikaanza kupungua mwili. Mwaka 1980 kampuni changa ya Alan Shugart, ambayo leo tunaijua kama Seagate, ilitoa ST-506: inchi 5.25, megabaiti 5, dola 1,500. Mwaka 1983 IBM PC XT ikaja na diski ya megabaiti 10 ndani. Diski ikawa kitu cha mezani, ikitengenezwa kwa wingi, na bei ikaanza kuanguka. Hapo ndipo watu watatu wa Berkeley walipoona mwanya.

Hesabu ya saa 300

David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika ripoti mwishoni mwa 1987, na Juni 1988 wakaiwasilisha kwenye mkutano wa hifadhidata wa SIGMOD mjini Chicago. Humo ndimo jina RAID lilipotoka, na maana yake ya awali ilikuwa safu ya diski za bei nafuu zenye ziada. Baadaye wauzaji walibadilisha "bei nafuu" kuwa "zinazojitegemea." Nadhani haikuwa rahisi kumuuzia benki kitu cha bei ghali ambacho jina lake linasema ni cha bei nafuu. Lile neno jipya, "zinazojitegemea," likumbuke. Tutalirudia.

Walilinganisha diski mbili. Upande mmoja IBM 3380, jitu la gigabaiti 7.5 lililokula wati 6,600. Upande wa pili Conner CP3100, kadiski ka inchi 3.5, megabaiti 100, wati 10. Kwa kila megabaiti kale kadogo kalikuwa na bei nafuu kuliko jitu. Basi kwa nini usikusanye tudogo twingi tufanye kazi kwa pamoja? Ungepata kasi zaidi kwa pesa kidogo na stima kidogo.

Tatizo lilikuwa kifo. Watengenezaji walisema diski moja ingeishi kwa wastani saa 30,000, yaani zaidi ya miaka mitatu. Ukiwa na diski 100, na kila moja ina nafasi yake ya kufa, ya kwanza utaizika kwa wastani baada ya saa 30,000 ukigawa kwa 100. Saa 300. Hata wiki mbili hazifiki. Safu kubwa bila ziada haikufaa kitu.

Kwa hiyo ziada ndiyo moyo wa jambo. Wazo lenyewe halikuwa jipya kabisa, na waandishi hawakudai hivyo. Richard Hamming wa Bell Labs alichapisha mwaka 1950 njia ya kugundua na kusahihisha makosa ya biti. Norman Ken Ouchi wa IBM alipata hataza mwaka 1978 ya kurudisha data ya diski iliyokufa. Walichofanya wale watatu ni kupanga njia zote kwenye ngazi, kutoka 1 hadi 5, na kuziwekea hesabu. Ngazi ya 1 ni pacha: kila kitu mara mbili. Ngazi ya 5 ndiyo yangu, na hebu niieleze kwa daftari la chama.

Chama kina wanachama watatu, na mweka hazina huandika mchango wa kila mmoja kisha jumla. Panya akila mstari wa mwanachama mmoja, hakuna ugomvi: chukua jumla, toa michango ya wale wawili, umepata wa tatu. Jumla hiyo ndiyo inayoitwa pariti. Kompyuta haijumlishi, inatumia XOR, lakini ni mambo yaleyale. Diski A ina 1011, B ina 0110, C ina 1100. Ukizipiga XOR zote unapata 0001, hiyo ndiyo pariti. B ikifa, piga XOR ya 1011, 1100 na 0001. Jibu ni 0110, na B amefufuka. Jaribu mwenyewe kwa kalamu, inapendeza. Katika ngazi ya 5 pariti haikai diski moja, inazungushwa kwenye diski zote ili moja isibebe mzigo wa wote.

Sasa tazama walivyofikia uhakika. Diski moja ikifa data haipotei. Inapotea tu ikiwa ya pili itakufa kabla ya ya kwanza kubadilishwa na kujengwa upya. Wao waliweka muda wa matengenezo kuwa saa moja. Ukiweka saa moja hiyo, pamoja na dhana kwamba diski hufa bila kuambukizana, hesabu inaruka kutoka saa 300 hadi mamia ya maelfu ya saa. Dhana hiyo hawakuificha. Waliandika wazi kwamba ni ileile wanayotumia watengenezaji wa diski ili kurahisisha hesabu.

Hapo nilikuwa na kikombe cha tatu cha chai. Nikatazama skrini. Asilimia 58. Saa moja ya Berkeley nilikuwa nimeipita zamani.

Nikachukua kalamu. Ile Conner ya megabaiti 100 ilisoma karibu megabaiti 1 kwa sekunde. Kuisoma yote ni sekunde 100 hivi, hata dakika mbili hazifiki. Yangu ya terabaiti 4 inasoma kama megabaiti 110 kwa sekunde kwa wastani. Uwezo umekua mara 40,000. Kasi imekua mara mia na kidogo. Ndiyo maana mimi nasubiri saa kumi. Dirisha la hatari ambalo wao walilifungua kwa saa moja, mimi nimelala nalo wazi usiku kucha.

Hesabu ya pili ilinitoa jasho. Watengenezaji wengi wa diski za kawaida huahidi kosa lisilosomeka lisilozidi moja kwa kila biti trilioni 100 zinazosomwa. Kujenga upya diski yangu ilibidi kusoma zile tatu zilizobaki zote, mwanzo hadi mwisho: terabaiti 12, sawa na biti trilioni 96. Ile ahadi ni dari, diski nyingi hufanya vizuri kuliko hivyo. Lakini hakuna anayependa kugundua usiku wa manane kwamba anatembea chini kidogo ya dari.

[U__U]

Saa nane kasoro usiku, asilimia 71, ikasimama. Diski ya pili ilitoa ule mlio ambao mtu akishausikia hausahau, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Nikafungua mdstat.

[U__U]

Vistari viwili. Kwenye daftari la chama, panya amekula mistari miwili, na jumla haiwezi kukuambia nani alitoa ngapi. Harusi ya Machakos ilikuwa imekwenda, pamoja na picha zote za marehemu babu, na neno langu kwa kaka.

Nilifanya jambo moja la busara usiku ule: nilizima kila kitu nikaenda kulala. Sikulala, lakini sikugusa kitu. Watu wengi huua safu zao dakika hiyo, kwa kuandika amri ya kuunda safu mpya juu ya ile ya zamani wakidhani wanaiamsha.

Kilichoniuma si kwamba nilikuwa na bahati mbaya. Ni kwamba haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2007, kwenye mkutano wa FAST, Garth Gibson alirudi. Yuleyule wa 1988. Safari hii alikuwa na Bianca Schroeder, pale Carnegie Mellon, na walikuwa wamekusanya kumbukumbu za diski takriban 100,000 zilizokuwa kazini kwenye mitambo halisi. Swali lao lilikuwa la kiungwana: karatasi ya mtengenezaji ikisema diski itaishi saa 1,000,000, ambazo ni miaka 114, hiyo inamaanisha nini kwako? Kwa mujibu wa karatasi hizo, diski zinazokufa kwa mwaka hazikupaswa kuzidi asilimia 0.88. Walichokuta ni kwamba kubadilishwa kwa asilimia 2 hadi 4 ni jambo la kawaida, na mahali pengine ilifika 13. Zaidi ya hapo, vifo havikujitegemea. Wiki ikiwa na diski nyingi zilizobadilishwa, wiki inayofuata nayo huwa na nyingi. Ile dhana ya 1988 mmoja wa waandishi wake mwenyewe alikwenda kuipima, akaikuta na ufa, akasema hadharani. Namheshimu sana kwa hilo.

Mkutano uohuo Pinheiro, Weber na Barroso wa Google walitoa uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 za kampuni yao. Diski ikishatoa kosa la kwanza wakati wa kukaguliwa, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya zile zisizo na kosa. Upande mwingine, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kubwa za SMART, mfumo ule wa diski kujipima afya. Kwa lugha nyingine: ikikohoa, kimbia, lakini usingoje ikohoe.

Sasa nitazame mimi. Diski zangu nne nilizinunua siku moja, duka moja, sanduku moja, na nambari zao za kiwandani zilikuwa zinafuatana. Nilijivunia hilo, nikidhani zinapendeza zikilingana. Zimezunguka saa zilezile, kwenye joto lilelile, na zimepigwa na stima ileile iliyoruka mara tatu Alhamisi. Zinajitegemea wapi? Ni ndugu wa tumbo moja walio kwenye matatu moja. Na kuna ukaguzi wa kila mwezi ambao Debian huufanya wenyewe Jumapili ya kwanza, ukisoma kila pembe ya diski ili ugonjwa uonekane mapema. Niliuzima miaka miwili iliyopita kwa sababu kaka alilalamika kwamba unamchelewesha anapohariri.

Nusu saa ya Ijumaa

Jumamosi asubuhi nilirudi Luthuli Avenue. Muuzaji akanitazama. "Boss, si ulichukua moja jana?" Nikamwambia nipe nyingine, na kama iko, ya kampuni tofauti.

Hivi ndivyo nilivyofanya, kwa faida ya atakayefikwa. Ile diski inayokohoa niliitoa kwenye safu nikaiunganisha peke yake pamoja na diski mpya tupu, nikatumia GNU ddrescue, programu ambayo Antonio Diaz Diaz aliianza mwaka 2004. Uzuri wake ni subira. Mpito wa kwanza huchukua kila kinachosomeka bila kugombana na palipoharibika, ukiandika ramani. Baadaye hurudi pale pagumu taratibu. Kazi iliisha Jumapili alfajiri. Kati ya terabaiti 4, zilizokataa kabisa zilikuwa sekta 3, baiti 12,288. Kwa ajili ya baiti hizo chini ya elfu kumi na tatu, safu nzima ilikuwa imejitangaza maiti.

Nikaondoa ile mgonjwa kabisa kwenye mashine, nikaweka nakala yake mahali pake, na nikaamsha safu kwa mdadm na neno la kulazimisha, diski tatu tu, nikaifungua kwa kusoma bila kuandika. Folda zikatokea. Sikusema neno. Nilichomeka diski ya nje nikanakili harusi ya Machakos yote.

Ilichukua nusu saa.

Hii nusu saa ndiyo sababu ya makala haya. Ijumaa jioni, safu ikiwa imepoteza diski moja lakini bado inasomeka, ningeweza kunakili gigabaiti 180 kabla chai haijachemka vizuri. Badala yake nilizilazimisha diski tatu zilizochoka kusoma terabaiti 12, nyingi zikiwa nafasi tupu isiyo na faili hata moja. Mfumo wa RAID ya Linux haujui faili, unajua sekta tu. Kwake utupu na harusi ni sawa. Jeff Bonwick na Matthew Ahrens wa Sun waliliona hilo, wakaanza mwaka 2001 kutengeneza ZFS, iliyotolewa hadharani 2005, ambayo hujenga upya sehemu zenye data tu. Lakini hata bila ZFS ningeweza kutumia kichwa changu. Diski ikifa, kwanza okoa kilicho adimu. Kujenga upya ni baadaye.

Kuhusu zile baiti 12,288: ddrescue inakuruhusu kujaza sekta zilizokataa kwa maneno ya alama, kisha ukazitafuta ndani ya faili. Nilikuta alama kwenye faili moja ya harusi. Ila sekta ya pariti ikiharibika haiachi alama hiyo, kwa hiyo kaka aliketi akatazama saa sita zote, dakika kwa dakika. Katika hotuba ya baba wa bi harusi, picha inaganda kwa nusu sekunde na vigae vya kijani vinatokea usoni mwake. Sauti haikukatika. Kaka akaweka picha ya wageni wakicheka juu ya nusu sekunde hiyo. Maharusi hawajui, na sidhani kama wanasoma hapa.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Siku nyingine ukiniambia iko salama, niambie iko salama kutokana na nini." Nimeyafikiria maneno hayo kuliko makala yoyote. RAID inakulinda na kifo cha diski moja ili kazi isisimame. Basi. Haikulindi na mwizi, moto, stima, wala kidole chako mwenyewe. Mwaka 1998 pale Pixar mtu alitoa amri ya kufuta, na sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 ikaanza kutoweka kwenye seva. Kanda za akiba zilipotafutwa, zikakutwa hazifanyi kazi sawasawa. Filamu iliokolewa na kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mkurugenzi wa kiufundi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua. Waliibeba kwa gari wakiwa wameifunga kwa mablanketi. Kilichookoa hakikuwa ujanja wa hesabu. Ilikuwa ni umbali.

Wahenga walisema akiba haiozi. Diski hawakuziona. Hii akiba yetu inaoza, na inaoza pamoja ikikaa pamoja. Safu yangu sasa ni [UUUU] tena, diski mbili za zamani na mbili mpya za kampuni tofauti, na ukaguzi wa Jumapili umerudi, kaka apende asipende. Betri ya UPS nimenunua. Na diski ya tano niliipeleka kwa Mama, Kilifi, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, kwenye kakompyuta kadogo nyuma ya redio yake. Kila usiku seva yangu inapeleka kule kilichobadilika mchana.

Mama alikitazama kile kidude siku nilipokiweka. "Mwanangu, hiki kinakula stima ngapi?" Nikamwambia ni kidogo, kama taa moja. "Na kina nini ndani?" Nikamwambia kina picha za babu. Akaenda akatafuta kitambaa akakifunika, vumbi lisiingie. Ilibidi nimweleze kwamba kinahitaji hewa, kwa hiyo sasa kimefunikwa nusu.

Wewe unayesoma hapa, kama una diski mbili au kumi mahali pamoja, jiulize swali la kaka kabla ya kulala leo. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na stima ikikubali.